Ua wa nyuma uliotelekezwa Moshi: nianzie wapi na vifusi na vitu chakavu vilivyopo?

MkaziWaRau

Wakuu, habari za majukumu. Ua wa nyuma hapa Rau, Moshi, mita 12 kwa 9, haujaguswa muda mrefu. Umeshikwa na ukoka na ndago, na mteremko unakuja upande wa nyumba: kutoka ukuta wa juu hadi barazani unashuka kama sentimita 90. Masika maji yanapiga msingi moja kwa moja.

Vitu vilivyopo: rundo la mabonge ya zege la sakafu iliyovunjwa (unene sentimita 8 hadi 10), matofali ya kuchoma 180, matairi 14 ya gari dogo, mapipa mawili ya chuma ya lita 200, paleti sita, na taulo na mablanketi mabovu. Cha kununua ni mifuko minne ya sementi, mchanga na moramu kidogo, basi. Ninataka njia, sehemu ya maua, mboga kiasi na mahali pa kukaa penye kivuli. Kipi kianze? Na katika vitu hivyo, kipi kisisogezwe karibu na mboga?

FundiMawe

Mkuu, kabla ya kupanda chochote yaondoe maji msingini. Chimba mfereji mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyumba, upana sentimita 30, kina 20, uteremke sentimita 1 kwa kila mita hadi kwenye mtaro wa barabara. Usiuelekeze kwa jirani wala kwenye shimo la choo. Levo ipime kwa mpira mweupe unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, maana kwenye mteremko macho yanadanganya sana. Hakikisha hakuna povu la hewa ndani ya mpira. Povu moja tu linaharibu kipimo chote.

Kisha ukate mteremko kuwa ngazi mbili za sentimita 45 kila moja. Hapo ndipo mabonge ya zege yanapofanya kazi yake. Jenga ukuta wa kupanga bila sementi:

Chimba msingi wa kina cha sentimita 15 hadi 20, upana 35, ushindilie chini. Mabonge makubwa kuliko yote yalale humo. Kila mstari uvunje kiungo cha mstari wa chini, kama matofali. Ukuta uegemee mlimani: kwa kila sentimita 6 za kupanda, rudi nyuma 1, kwa hiyo juu utakuwa umerudi kama sentimita 7. Baada ya kila mita moja weka bonge refu linaloingia ndani ya udongo. Nyuma ya ukuta jaza kokoto au vipande vidogo vya zege kwa upana wa sentimita 15 hadi 20, na kati ya kokoto na udongo simamisha viroba vya zamani vilivyochanwa ili udongo usizibe mianya. Jaza na ushindilie kila unapopanda sentimita 15. Ukisubiri umalize ukuta ndipo ujaze, udongo utazama mvua ya kwanza na ukuta utatoka tumbo.

Kishindilio tengeneza mwenyewe: kopo la rangi la lita 4 lijae zege, katikati simika bomba la inchi moja. Kinatosha.

Mama Bustani Njiro

Fundi, kwa nini asijengee sementi kabisa? Huku Arusha watu wengi wanajengea na kuta zao zinasimama.

FundiMawe

Dada, zinasimama zile zenye msingi wa kweli na matundu ya kutolea maji, bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu, na kokoto nyuma yake. Ukuta wa sementi usio na matundu unageuka bwawa. Mwezi wa nne udongo ukilowa uzito unaongezeka, maji yanasukuma, ukuta unapasuka kwa mlalo karibu na theluthi ya chini. Ule wa kupanga unapitisha maji kila mahali, na bonge likisogea unalirudisha siku hiyohiyo. Kwa kimo cha sentimita 45 ninaupendelea huo bila kusita. Ukizidi mita moja, hapo ita fundi na nondo. Tena sementi yake ni mifuko minne tu, ina kazi nyingine.

Kiboriloni_Mikono

Kazi nyingine hiyo ni vyungu vya taulo. Wengi wanaviona vizuri kwenye picha, wakivitengeneza vinapasuka, na sababu ni karibu ileile: haraka ya kuanika juani.

Chukua taulo zito la mtu mzima. Blanketi jepesi halifai, linanywa sementi kidogo na kuta zinakuwa kama karatasi. Yakiisha ya nyumbani, mitumba ya masoko ya Kiboriloni au Memorial hupati shida. Lifue bila sabuni ya kulainisha, lilowe, ulikamue. Koroga sementi moja kwa mchanga laini uliochekechwa moja, maji hadi iwe uji mzito unaong'ang'ania mkono. Taulo moja linataka kilo 5 hadi 6 za sementi pamoja na mipako ya baadaye, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 utatoa vyungu vinane hivi. Vaa glavu za mpira. Sementi mbichi inachoma ngozi taratibu, na unagundua jioni.

Lizamishe taulo, likandekande mpaka uji uingie ndani ya nyuzi. Geuza ndoo ya lita 20 iliyopakwa mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika, tandaza taulo juu yake, panga mikunjo. Papo hapo, likiwa bichi, toboa katikati na usimike kipande cha bomba la nusu inchi: hilo ndilo tundu la kutolea maji. Kutoboa kwa drili baadaye ndiko kunakovunja vyungu vingi.

Liache kivulini saa 24, limefunikwa gunia lenye unyevu. Toa ndoo, paka uji wa sementi tupu kwa brashi ndani na nje, mipako mitatu, kila mmoja ukishika ndipo ufuate mwingine. Halafu kinyweshwe maji asubuhi na jioni siku saba, bado kivulini. Sementi inakomaa kwa maji. Ikikauka kabla ya kukomaa inabaki unga. Mwisho ziba tundu, jaza maji, mwaga na ujaze tena kila siku kwa wiki moja ili ukali wa chokaa utoke. Ukipanda kabla ya hapo majani yanakuwa ya njano na utalaumu mbegu.

Mama Bustani Njiro

Hilo la chokaa linahusu ua mzima, si vyungu tu. Pale palipovunjiwa sakafu okota vipande vya plasta na vumbi la sementi, usivichanganye na udongo. Udongo ukilewa chokaa mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma: jani jipya linageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Parachichi linaumia mapema.

Sasa mboga. Matairi usipandie mchicha wala figiri. Mpira chakavu unaachia zinki na masalia ya mafuta, hasa ukipigwa na jua. Wapo watakaokwambia wanakula kila siku na hawajafa. Mimi ninasema yapandie maua, una nafasi ya kutosha kuwekea mboga ardhini kwenye ngazi ya juu. Na ukitaka kuligeuza tairi ndani-nje litoke mfano wa chungu, angalia kwanza kama lina nyaya. Matairi mengi ya gari dogo yana nyaya za chuma kwenye uso wa kukanyagia, yanachana mikono na hayageuki. Fundi wa katambuga atakutambulia kwa kuligusa tu, na kisu chake kilichopakwa maji ya sabuni kinakata mbavu vizuri. Yasiyogeuka yalaze chini yalivyo, ukate mbavu ya juu, na utoboe mbavu ya chini matundu manne au matano. Tairi linalotuama maji ni kiota cha mbu wa dengi.

Paleti: tafuta muhuri uliochomwa pembeni. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo tumia popote. MB zilipigwa gesi ya methili bromaidi, zipeleke mbali na mboga na usizichome jikoni. Zisizo na muhuri zifanye kiti.

Mapipa: kama yaliwahi kuwa na petroli, dizeli au thina, grenda na gesi ya kukatia chuma visiguse. Mvuke uliobaki unalipuka hata pipa likionekana kavu. Fungua vifuniko vyote, lijaze maji hadi karibu na mstari wa kukatia, ukate kwa tindo na nyundo. Kama lilibeba dawa ya mashambani, usilitumie kabisa. Na ukiokota vya kuongezea mtaani, ziache zile karatasi za kijivu za mapaa ya zamani ya asbesto. Usizikate wala kuzivunja, vumbi lake linabaki kwenye mapafu.

MkaziWaRau

Asanteni sana, dada na mafundi. Mapipa yalikuwa ya mafuta ya kula, nashukuru. Mambo mawili: njia ni mita 9 kwa upana wa sentimita 60, matofali yatatosha? Na mchwa huku ni wengi, kivuli nikisimamishe kwa mirunda au nisahau?

FundiMawe

Hayatoshi. Tofali la sentimita 22 kwa 10 likilala kwa ubapa, mita moja ya mraba inakula 45. Njia yako ni mita 5.4 za mraba, kwa hiyo unahitaji kama 245. Weka matofali kingo mbili, katikati panga mabonge ya zege yaliyobaki, mianya ujaze kokoto. Kwanza yapime: gonganisha mawili, yakilia kama chuma yameiva. Yenye sauti ya udongo yaloweke usiku mzima. Yanayomeguka yapeleke chini ya kokoto za ukuta.

Chimba sentimita 18 hadi 20, moramu iliyoshindiliwa sentimita 8 (toroli tisa hivi), mchanga sentimita 3 (toroli tatu), ndipo upange. Njia iiname sentimita 2 kwa mita kuelekea pembeni. Kingo zichimbiwe zaidi na ziegemezwe zege kidogo upande wa nje, bila hivyo njia inafunguka kama kitabu.

Mirunda usiizike. Chimba mashimo manne ya sentimita 30 kwa 30, kina 50, mwaga zege la 1:2:4 (sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne). Yote manne yanakula kama mfuko mmoja na robo. Ndani ya zege bichi simika flatibaa mbili (vyuma bapa) zikitokeza, mrunda ukae katikati yake kwa bolti, ukiachwa sentimita 5 juu ya zege. Mchwa atalazimika kujenga kijia cha udongo hewani, unakiona na kukikwangua. Oili chafu ya gereji wengi wanaipaka; hapo kwako inashuka na mvua hadi kwenye mboga, achana nayo.

Mama Bustani Njiro

Ukoka ufunike kwa boksi tabaka mbili na maganda ya mpunga au ya kahawa sentimita 10 hadi 15, miezi mitatu au minne, huku ukikata kingo kwa jembe maana unatorokea pembeni. Ndago haifi kwa boksi, inalitoboa. Ing'oe kwa uma pamoja na vitunguu vyake kila inapochipua, usiilime kwa jembe, kila kitunguu kinachobaki kinaota upya.

Juu ya kuta panda isale (mmea wa mipaka wa Wachaga), vipande vya sentimita 30 hadi 40, na mchaichai katikati kushika udongo. Migomba ikae mita mbili kutoka ukutani. Kazi ya udongo na kuta imalize kati ya Julai na Septemba, upande vuli ikianza Novemba. Ukichelewa, usifukue chochote Machi, subiri masika yapite.