Cartola wa 1974: tupeane uzoefu wa kurekodi na kugawa santuri za samba

Mwana Santuri: Wakuu, nimeweka sekunde 30 za Cartola, mwimbaji na mtunzi wa samba wa Brazil, ile LP yake ya kwanza iliyotolewa na Discos Marcus Pereira mzee akiwa na miaka 65. Nataka kuirekodi yote, wadau waipate. Wanaojua mambo ya usafi, sindano na faili, karibuni.

Fundi Spika: Usafi kwanza. Maji ya betri sehemu 3, spiriti ya isopropili sehemu 1, tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita. Kitambaa kizunguke kufuata mfereji, usikate katikati. Karatasi ya kati isilowe. Isimamishe nusu saa ikauke.

Bibi Taarab: Spiriti kwenye santuri? Mtazimaliza.

Fundi Spika: Bibi, LP ni vinili, yaani plastiki, haidhuriki kwa mchanganyiko huo. Zinazoyeyuka ni zile nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki. Hizo maji na sabuni tu.

Kijana wa Gerezani: Na soma chupa! Kuna maduka ukiomba maji ya betri unapewa asidi 😂

Surdo la Pili: Rekodi biti 24, kHz 96. Kilele cha sauti kiishie -6 dB. Kila dakika ni kama MB 35, kwa hiyo hifadhi kwa FLAC, faili inayobana bila kupoteza sauti, inapungua karibu nusu. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokyumenti. Halafu usiguse kitufe cha kuondoa mikwaruzo! Programu haijui tofauti ya mkwaruzo na fimbo ya tamborimu, kile kigoma kidogo cha samba, zote ni mlio mfupi mkali. Ukiipa uhuru inakula tamborimu. Ile ya kupunguza mvumo nayo inameza vibati vya pandeiro, dafu ya Kibrazil. Ondoa mkwaruzo mmoja mmoja kwa mkono.

Kijana wa Gerezani: LP nzima kwa mkono? Mtu aoe lini?

Sikio la Popo: Jamani, simameni. Kuna aliyesikiliza hicho kipande? Cartola anaimba kama yuko chini ya kisima! Kavakinyo, kile kigitaa cha nyuzi nne, hufungwa Re-Sol-Si-Re. Hapo Re inalia chini kidogo ya Si, yaani nusu-toni 3 na ushee zimepotea. Samba haina msiba wa namna hiyo.

Bibi Taarab: Kweli. Nilidhani mzee kachoka tu.

Fundi Spika: Mkanda umelegea huo. Badilisha.

Sikio la Popo: Hapana, fundi. Mkanda uliolegea unayumbisha sauti, hapa imeshuka na kutulia. Piga hesabu: 50 gawanya kwa 60 ni 0.83. Sahani inazunguka 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Mwana Santuri, hiyo pleya imetoka Brazil pamoja na santuri?

Mwana Santuri: Ndiyo, ila ina transfoma.

Sikio la Popo: Transfoma inashusha volti, haibadilishi Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Brazil umeme wao ni 60, wetu 50, na mota za zamani za AC zinafuata Hz.

Surdo la Pili: Si aongeze kasi mara 1.2 kwenye kompyuta, yaishe?

Sikio la Popo: Nota zitarudi, lakini besi na treble zimeshasawazishwa kwa kasi isiyo yake, uwiano haukai sawa. Puli ya 50 Hz, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, ndiyo dawa: kipenyo chake ni mara 1.2 ya hiyo iliyomo.

Mkutubi: Kabla ya puli, kuna haki. Sheria ya Brazil namba 9.610 ya 1998 inalinda rekodi miaka 70. Kugawa LP nzima hapana.

Kijana wa Gerezani: Mzee alifariki 1980, nani atadai?

Mkutubi: Warithi. Haki ya mtunzi nayo ni miaka 70, inahesabiwa kuanzia Januari baada ya kifo. Fanya hesabu.

Bibi Taarab: Basi tualikane barazani, kahawa na kashata juu yangu. Pleya aje nayo fundi, si hiyo ya kisimani.

Mwana Santuri: Nimegeuza pleya. Kibandiko nyuma: 127 V, 60 Hz.

Fundi Spika: 🙈 Leta hiyo puli niipime.