Karo la Mama Salma: gumzo la kikundi cha "Uani kwa Bi Mkubwa"

Mama Salma: Majirani hamjambo. Karo langu la jikoni limeziba. Maji yamesimama tangu jana usiku, mafuta yanaelea juu. Nani anajua dawa?

Neema: Pole mama. Weka soda ya kuokea halafu mwagia siki. Nimeona mtandaoni, linatoka povu hilo!

Juma: Maji ya betri ndiyo kiboko.

Baba Nasra: Juma! Asidi kwenye nyumba yenye watoto?

Juma: Basi achanganye na Jik kidogo kupunguza makali

Fundi Issa: NANI kasema achanganye? Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Jiko lile lina kadirisha kamoja, mtamtoa mama wa watu amebebwa. Hata ile dawa ya chooni yenye asidi isikutane na Jik.

Juma: Nimefuta fundi 🙏

Fundi Issa: Na siki na soda zikikutana zinamalizana zenyewe. Povu linakupendeza macho, mafuta yaliyoganda yako palepale.

Mama Salma: Njoo basi fundi wangu.

Fundi Issa: Niko saiti Kibaha mpaka usiku. Tufanye kwa simu. Bafuni kwako maji yanakwenda? Na choo?

Mama Salma: Vyote viko sawa. Ni karo tu.

Fundi Issa: Baba Nasra, nifungulie chemba ya chini ya dirisha lake. Imejaa au iko tupu?

Bi Mkubwa: Mfuniko urudishwe jamani. Kuku wangu alishatumbukia humo.

Neema: Shikamoo Bi Mkubwa 😂

Bi Mkubwa: Marahaba. Sicheki mimi, alikuwa anataga yule.

Baba Nasra: Tupu. Maji ya bafuni yanapita vizuri. Bomba la jikoni halitoi hata tone. Mende wapo wa kutosha.

Fundi Issa: Tumepona. Chemba ingejaa, kizibo kingekuwa mbele huko kuelekea shimoni, na pengine ni kuita gari la maji taka kwa gharama ya wote. Sasa tunajua kipo kati ya karo na chemba, na hapo si mbali. Mtu anamwaga dawa ya elfu kumi kabla hajafunua chemba, anajuaje anatibu wapi?

Bi Mkubwa: Sisi zamani tulichemsha maji tu, unamwaga yakiwa yanatokota.

Fundi Issa: Kwa mabomba ya chuma ilikuwa sawa kabisa Bi Mkubwa. Haya ya sasa ni plastiki, maji yanayotokota yanayalegeza, maungio yanaanza kuvuja. Halafu karo likiwa limejaa, maji ya moto yanapoa juu huko hayajafika kwenye mafuta.

Baba Nasra: Kastiki soda je?

Fundi Issa: Inafanya kazi, inageuza mafuta kuwa sabuni. Lakini bomba likiwa limeziba kabisa inakaa palepale, halafu mimi nakuja kufungua kwa mikono, inanila ngozi. Tuanze na mpira wa kuzibulia.

Neema: Ninao! Naleta.

Mama Salma: Si ule wa chooni Neema?

Neema: …nimeuosha lakini

Mama Salma: Karoni kwangu hauingii.

Juma: Nakimbia dukani mama, nitumie hela.

Fundi Issa: Ukifika, maji yafunike mpira wote. Lile tundu la juu la karo lizibe kwa kitambaa kibichi, la sivyo upepo wote unatokea hapo. Sukuma na kuvuta bila kuunyanyua. Nguvu iko kwenye kuvuta.

Juma: Nimesukuma mpaka mkono umekufa. Yanashuka kidogo yanasimama.

Fundi Issa: Komba maji yote, ndoo chini, fungua ile kona iliyopinda chini ya karo. Kwa mkono tu, usilete spana. Angalia ile mipira midogo ya kwenye maungio isipotee.

Juma: [picha] Wali, majani ya chai, na hii nyeupe sijui nini

Bi Mkubwa: Machicha ya nazi hayo.

Mama Salma: Mimi machicha nawapa kuku wako Bi Mkubwa, kila siku unaona. Labda wageni wa juzi.

Baba Nasra: Wageni 😂

Fundi Issa: Machicha na mafuta ya pilau vikishikana vinakuwa kama saruji. Juma, ingiza mpira wa bustani kupitia chemba, urudi nyuma kuelekea jikoni. Ukigonga kitu, Baba Nasra afungulie maji taratibu. Mama Salma aweke ndoo jikoni pale ulipofungua.

Baba Nasra: Umegonga, kama mita moja hivi.

Baba Nasra: LIMETOKA. Donge kama ngumi. Harufu yake siandiki.

Mama Salma: Allah akubariki fundi! Na nyie wanangu.

Fundi Issa: Lile donge toa kwa koleo, lisiende shimoni. Rudisha kona, kisha maji ya moto ya kuogea na sabuni ya vyombo, ndoo moja kwa mkupuo.

Mama Salma: Yanakwenda hadi yanapiga mluzi.

Juma: Fundi, na bafu letu huku nyuma? Maji yanafika kwenye vifundo. Niweke kastiki?

Fundi Issa: Huko ni nywele. Kastiki inakula nywele za mtu, lakini rasta za dukani ni plastiki, haziyeyuki. Hizo ni waya wenye ndoano, unavuta.

Neema: Mbona kimya kimeingia ghafla

Baba Nasra: Tunahesabu wenye rasta.

Neema: Niko peke yangu na mnajua! Haya, kichujio nanunua mimi. Kuvuta avute Juma.

Juma: Kwa soda baridi mbili.

Bi Mkubwa: Kwanza mfuniko.