AMENIPOKONYA TIYO MKONONI MBELE YA WAKWE! Lubumbashi, tumefika hapa?

Mama_wa_BelAir:
Naandika mikono bado inatetemeka, salamu tuache kwanza. Yule papa jirani yangu mnamjua. Wa geti la buluu, mwenye kibao cha "Usikanyage majani" ambacho hata mbwa wake anakikwepa. Jina sitaji, wala hakuna haja.

Leo saa sita mchana, wageni wa binti yangu wamekaa chini ya mwembe. Upande wa mwanaume, wajomba wote pamoja na shangazi mmoja mwenye macho ya kuhesabu. Nikachukua tiyo, mpira wa maji, nimwagie gazoni, majani yangu ya uani, kidogo, vumbi jekundu la Septemba lisile nguo za watu. Huyo hapo! Ameingia bila hodi, amekata parsele yangu, kiwanja changu, katikati na kandambili zake, AMENITOA TIYO MKONONI. Akaikunja kama anamfunga kuku miguu, akafunga robine ya bomba, akapaza sauti mpaka barabarani: "Mama, jua la utosini unamwagia hewa, si majani. Nani alikufundisha?"

Tiyo. Mkononi mwangu. Mbele ya wakwe.

Mjomba mkubwa alicheka mpaka fanta ikamtoka puani. Shangazi akanipima kuanzia vidole vya miguu kupanda juu. Naapa mbuzi wawili walifutika kwenye orodha ya mahari palepale.

Maji ya mtaa huu yanakuja yanapojisikia! Yakitoka saa sita nimwagie saa ngapi, ningoje mvua ya Novemba? Na yeye mwenyewe anamwagia saa tatu usiku, kila siku ya Mungu, gazoni yake imejaa mabaka ya kahawia ya duara mpaka watoto wanapigia penalti humo. Huyo ndiye profesa.

Si angenivuta pembeni? Angesema "mama, njoo kidogo". Hapana. Tiyo, mkononi, shangazi anaangalia!

Mtoto_wa_Katuba:
Pole sana mama. Swali moja tu: alipoichukua, ulikuwa umeishika sawasawa au ulikuwa umeilegeza? Inabadilisha kesi.

Mama_wa_BelAir:
NILIKUWA NIMEISHIKA. Soma.

Yaya_Kamalondo:
Papa huyo namjua. Msiba wa mwaka jana alimrekebisha mchimba kaburi.

Fundi_Majani:
Mama, mimi natunza bustani za watu kule mtaa wa Golf. Adabu hana, lakini kuhusu saa hakukosea. Mchana jua na upepo vinakula maji kabla hayajafika mizizini. Mwagia kunapopambazuka mpaka saa tatu hivi: upepo umelala, maji yanazama, halafu jua linapanda kukausha jani. Ya usiku ndiyo mabaya, jani linalala limelowa, kuvu inapata karamu. Mabaka yake hayo hayakutoka kwa wachawi. Na ile ya kila siku kidogokidogo inazoesha mizizi kukaa juujuu, kiangazi kikikaza vyote vinaungua. Mara mbili kwa wiki, maji mengi, udongo ulowe sentimita 10 hadi 15 kwenda chini. Udongo wetu huu mwekundu ukiona maji yanaanza kukimbilia barabarani, funga, pumzika nusu saa, rudia. Weka mkebe mtupu wa tomati katikati ya gazoni: yakifika milimita 25 kwa wiki nzima, inatosha.

Yaya_Kamalondo:
Nimepiga hesabu. Milimita 25 ni lita 25 kwa kila mita ya mraba. Gazoni ya mita tano kwa sita ni lita 750, yaani bidoni 37 na nusu za lita 20. Fundi, hiyo nusu nabeba mimi. Zilizobaki karibu.

Msomi_Kasapa:
Niongeze kwamba ile hadithi ya tone la maji kuchoma jani saa sita haina ukweli kwa majani laini yasiyo na vinyweleo. Watafiti wa Hungaria walijaribu, wakachapisha 2010. Hasara ya mchana ni maji kupotea, si kuungua.

Mtoto_wa_Katuba:
Huko Hungaria wanakatiwa maji?

Mama_wa_BelAir:
Nimekuja kulia mnanipa darasa! Mtu amenipokonya TIYO!

Wa_Goma_Halisi:
Gazoni? Ninyi watu wa L'shi mnaishi. Huku tumejenga juu ya lava ya volkano ya 2002, ile ya 2021 ikatuongezea. Ukimwaga maji yanapotelea kati ya mawe. Na bidoni ikipanda kutoka ziwani kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, tunaoga kwanza, majani yatajijua.

Dada_Bukavu:
Wewe angalau maji yanazama kwako. Mimi niko Kadutu, mteremkoni. Namwagia mboga zangu, zinazostawi ni za jirani wa chini. Shukrani yake ni jogoo anayewika saa nane za usiku.

Mtoto_wa_Katuba:
Jogoo ni nini, dada. Kwetu jirani anawasha gurupu, jenereta, usiku kucha, bomba la moshi kalielekeza dirishani kwangu. Kisa anachaji simu.

Yaya_Kamalondo:
Gurupu ina nafuu, mafuta yanaisha. Mimi nimepakana na mkesha wa maombi. Spika nne. Hayaishi.

Mama_wa_BelAir:
Jamani, tulikuwa kwenye tiyo.

Fundi_Majani:
Usiwajali mama. Kama maji ni shida, usimwagie kwa kalenda. Kanyaga gazoni, geuka nyuma: alama ya mguu ikibaki, majani hayainuki, yana kiu. Yakiinuka, tunza maji yako.

Mtoto_wa_Katuba:
Papa alipokata parsele na kandambili, yaliinuka?

Mama_wa_BelAir:
Wewe mtoto mama yako namjua.

Dada_Bukavu:
Turudi kwa jogoo. Kuna anayenunua? Mwenyewe hajui kama namuuza.

Wa_Goma_Halisi:
Ana kilo ngapi?

Yaya_Kamalondo:
Mkimchinja niambieni, bukari, ugali wetu, naleta mimi.