Mtoto anauliza "Itauma?", mama anajibu "Haiumi". Nesi niseme nini?

NesiMgeni
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wauguzi wenzangu na wazazi mliowahi kuuguza watoto hospitalini.

Nimehamishiwa wodi ya watoto kutoka wodi ya watu wazima. Kutafuta mshipa wa mtoto ni kazi, lakini mkono unazoea. Kinachonitesa ni mazungumzo. Mtoto anauliza "Itauma?", mama anawahi kujibu "Haiumi hata kidogo." Sindano inaingia, mtoto anapiga yowe, na mwongo nakuwa mimi. Baada ya hapo nikitokea mlangoni tu analia, hata kama nimekuja kupima joto. Wengine wanamtisha kabisa: "Usipokunywa dawa namwita nesi akuchome." Nikimwambia mtoto ukweli, mzazi ananuna, anaona namtia hofu mwanawe.

La pili ni zito zaidi. Nina mgonjwa wa miaka 11, ugonjwa wake ni wa kudumu, na wazazi hawataki aambiwe. Jana usiku kaniuliza, "Sista, mimi naumwa nini?" Nimemjibu nitarudi tuzungumze. Nirudi na maneno gani?

MamaWaWawili
Mdogo wangu, sisi wazazi tunasema "haiumi" kwa sababu tunaogopa kuliko mtoto mwenyewe, na hakuna aliyetuambia tuseme nini badala yake. Kabla hujaja na trei yako, niite pembeni. Niambie utafanya nini, itachukua muda gani, nimshike wapi. Nipe kazi. Mzazi aliyesimama ukutani mikono mitupu ndiye anayetoa vitisho.

SistaWaZamani
Mama kasema kweli. Mimi naongeza ya upande wetu.

Usimwambie mtoto haitauma. Mwaka 2015 WHO walitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo, na humo wanatuasa tusiwape watoto faraja ya uongo. Vilevile usimtangazie maumivu. Sema tu "naanza sasa". Akiuliza, mjibu: "Wengine huhisi kuchomwa, wengine kubanwa. Utaniambia wewe ulivyohisi." Mtoto mdogo apakatwe akiwa amekaa, usimlaze chali na kumkandamiza. Anayenyonya, anyonye wakati huohuo wa sindano, maumivu hupungua.

Umri nao una mambo yake. Chini ya miaka mitatu maelezo hayamsaidii sana, anasikiliza sauti yako na anatazama uso wa mama. Wa miaka minne mitano wengi wanaamini wameugua kwa sababu walikosea, kwa hiyo mwambie waziwazi: "Hukufanya kosa lolote, na sindano si adhabu." Hapo ndipo kile kitisho cha "nesi akuchome" kinapoharibu kazi, na mzazi ukimweleza hivyo taratibu, bila kumgombeza mbele ya mwanawe, wengi wanaacha. Wapo pia wanaodhani damu ikichukuliwa itaisha. Muoneshe kichupa, mwambie ni kidogo hiki tu na mwili unatengeneza nyingine.

Usimuulize "Uko tayari?" kama huna nia ya kusubiri akisema hapana. Muulize lenye majibu mawili ya kweli: mkono huu au ule? Utazame au ugeukie kwa mama?

Na maumivu muulize yeye kwanza, kabla mama hajamsemea. Kile kipimo cha nyuso sita zilizochorwa, kuanzia 0 (hakuna maumivu) hadi 10 (maumivu makali kabisa), ambapo mtoto anaonesha uso unaofanana na anavyohisi, wengi wanakiweza tangu miaka mitatu.

Mwanazamu
Mazuri yote hayo kwa wodi tulivu. Dharura je? Mtoto pumzi inakata, nimuulize mkono gani?

SistaWaZamani
Hapana, hapo unaokoa maisha kwanza. Lakini achaguliwe mtu mmoja tu wa kusema na mtoto. Watu watatu wakimfokea "tulia!" kwa pamoja, hamsikii hata mmoja. Na mzazi anayetaka kubaki, abaki mahali mtoto anapomwona. Zamani Uingereza wazazi walifungiwa nje ya wodi isipokuwa saa chache, mpaka ripoti ya Platt ya 1959 ikapendekeza waruhusiwe wakati wowote. Sisi tusiwarudishe nje kwa sababu tuna haraka. Hali ikitulia, rudi umweleze mtoto kilichotokea. Wengi wetu tunasahau hapo.

NesiMgeni
Nawashukuru sana. Na yule wa miaka 11?

MshauriNasaha
Dada, rudi leo, maana umeahidi. Muulize yeye anafikiri anaumwa nini na kasikia nini. Mara nyingi wanajua nusu, na nusu waliyojibunia inatisha kuliko ukweli. Jina la ugonjwa usimpe peke yako usiku huo. Mwambie: "Swali lako ni la haki, sitakudanganya. Nitaongea na wazazi na daktari ili tukae pamoja."

Kisha kaa na wazazi na daktari wake. Usianze na sheria, ingawa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unataka maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri na upevu wake. Anza kwa kuwauliza wanaogopa nini akijua. Atakata tamaa? Atasema kwa watu? Kila hofu ina jibu lake. Waambie ameshauliza, hivyo kunyamaza nako atakusoma kuwa ni jibu. Sikuulizi ni ugonjwa gani, ila hata kwa VVU mwongozo wa WHO wa 2011 unasema watoto wa umri wa shule waambiwe hali yao, na wadogo zaidi waanze kuambiwa kidogo kidogo. Wape wazazi nafasi ya kusema wao, wewe ukiwa pembeni.

NesiMgeni
Mrejesho: wazazi wamekubali, tutakaa kesho daktari akishapita. Mama ndiye ataanza. Mtoto nimemwambia, akauliza kama dada yake naye atakuwepo. Nimjibu nini?

MshauriNasaha
Muulize kama yeye anataka awepo. Na wazazi waambie leo kwamba ameuliza, wasishtukie hilo kesho mbele yake.