Hivi Cleopatra kwenye muvi hana kazi nyingine zaidi ya kitanda?

Wakuu nimevumilia weee leo natema nyongo. Kila wakitoa muvi ya huyu malkia wa Misri ya kale ni yaleyale, mara anaoga, mara anapakwa wanja, anaviringishwa kwenye zulia anaenda kumwagwa mbele ya Caesar, mkubwa wa Roma, kitanda, Antony, Mrumi mwingine, naye huyo, kitanda tena, nyoka, kwisha habari. Na hilo zulia lenyewe ni kamba, Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kaandika mfuko wa matandiko.

Mama wa watu kashika nchi mwaka 51 KK ana miaka 18 tu, Nile hiyo imegoma kufurika, njaa, baba kamwachia madeni ya Warumi, mdogo wake wa kiume ambaye ndo mfalme mwenzie anamtimua mpaka nje ya nchi, na bado akarudi akatawala, jumla kama miaka 21 hivi. Akapunguza hadi kiwango cha fedha kwenye sarafu ili hazina ipumue. Hapo hamuoni stori? Ukoo wao ulikaa Misri karibu miaka 300 wanaongea Kigiriki chao, yeye ndo wa kwanza kujisumbua kujifunza Kimisri, wageni wengi tu alikuwa anaongea nao bila mkalimani. Nionyesheni muvi imekaa hata dakika kumi kwenye hilo!

Ile ya Elizabeth Taylor ya 1963 ilikula kama dola milioni 44, karibu iizamishe Fox, kampuni iliyoitengeneza, masaa manne, na unachokumbuka ni magauni.

Halafu ikaja series ya Netflix 2023 na Adele James, mwigizaji mwenye asili ya Kiafrika, dunia nzima ngozi ngozi ngozi, mpaka wizara ya mambo ya kale ya Misri ikatoa tamko eti alikuwa mweupe mwenye sura ya Kigiriki. Sawa, ukoo wa baba ni Wamakedonia, sibishi. Ila si ni kulekule tu, tunajadili anaonekanaje, alifanya nini hakuna anayeuliza!

Na mnaotaka malkia mweusi asiye na ubishi, Amanirenas wa Kush, hapo kusini tu mwa Misri, jicho moja, kapigana na jeshi la Augustus, mtawala wa Roma, kichwa cha sanamu ya huyo Augustus kikafukiwa chini ya ngazi huko Meroe, mji wa Kush, kikawa kinakanyagwa, saa hizi kiko British Museum. Huyo hawamtaki, hana mapenzi na Mrumi.

Mwenye muvi yake aweke linki hapa, za Cleopatra bakini nazo.