Nimebadilisha nenosiri la ruta, sasa programu yake kwenye simu inanikataa

Mama Wawili

Habari zenu wakuu. Ruta yetu ya nyumbani tulifungiwa na fundi, na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio lilibaki lile lile lililobandikwa chini yake. Mtu yeyote akiigeuza analisoma, na hilo lilikuwa linanikosesha raha. Jana nimeingia kwa kompyuta kupitia 192.168.1.1 nikaweka jipya. Kompyuta inaingia vizuri, simu zote na runinga zinapata intaneti kama kawaida.

Tatizo ni ile programu ya ruta niliyonayo kwenye simu. Nikiifungua inazunguka weee, halafu inasema imeshindwa kuunganishwa. Naitegemea mno, maana ndiyo ninayotumia kuwafungia watoto intaneti ikifika usiku. Ndugu yangu mmoja kanishauri nichokonoe kile kitundu cha nyuma kwa pini ili nianze upya. Nifanye hivyo?

Fundi Mitambo

Dada, kitundu hicho kiache kabisa. Ukikibonyeza sekunde kama kumi, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani: jina la Wi-Fi linapotea, nenosiri la Wi-Fi linapotea, ratiba ya watoto inafutika, na lile nenosiri la kwenye stika ulilolikimbia linarudi kazini. Kibaya zaidi, kama laini yenu inaingia kwa PPPoE, yaani ruta hujitambulisha kwanza kwa mtoa huduma ndipo ipate intaneti, jina na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma navyo vinaondoka. Zipo ruta ambazo mtoa huduma huzirudishia mipangilio mwenyewe kutoka kwake, lakini hilo uliulizie kabla, si baada ya nyumba nzima kukosa intaneti.

Ruta yako ni nzima. Kama kompyuta inaingia kwa nenosiri jipya, badiliko limekubali. Kilichobaki nyuma ni simu: programu ilihifadhi nenosiri la zamani na kila ukiifungua inalipeleka lile lile.

Kingo

Naongezea hapo kwa mkuu. Fuata mpangilio huu maana kila hatua ina sababu yake.

Kwanza nenda kwenye kompyuta, utoke kwenye ukurasa wa ruta kwa kubonyeza sehemu ya kutoka. Usifunge dirisha tu. Ruta nyingine huruhusu msimamizi mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kompyuta ikiwa bado imo ndani, simu itafungiwa mlango hata ukiandika nenosiri sahihi.

Sasa shika simu. Hakikisha iko kwenye Wi-Fi ya ruta hiyo hiyo, na si ile ya wageni, kwa sababu mtandao wa wageni kwa kawaida hauruhusiwi kufika kwenye mipangilio. Zima data ya simu. Zima VPN kama unayo, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua: simu ikipita njia ya VPN, inaitafuta ruta mahali isipokuwepo.

Kisha fungua programu, tafuta ruta yako kwenye orodha, uiondoe au utoke kwenye akaunti, halafu uiongeze upya. Ikikuuliza nenosiri, liandike kwa mkono herufi kwa herufi. Usikubali simu ikujazie yenyewe, itakujazia la zamani. Na usibahatishe mara nyingi mfululizo, kwani ruta nyingine hujifunga kwa muda baada ya majaribio kadhaa mabaya. Ikitokea, subiri kidogo kabla ya kujaribu tena.

Shani

Kama simu ni iPhone, kuna jambo jingine. Tangu iOS 14 programu inayotaka kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani huomba ruhusa kwanza. Ukiwa ulikataa siku ile ilipouliza, programu haitaiona ruta hata iwe mezani pembeni yako. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya faragha, mtandao wa karibu, uiwashie. Kwenye Android angalia ruhusa ya mahali na ya vifaa vya karibu.

Mama Wawili

Asanteni sana. Ruhusa ipo, VPN sina. Nimetoka kwenye kompyuta, nimeiondoa ruta kwenye programu. Sasa inaniuliza barua pepe na nenosiri. Hapa naandika lipi? La Wi-Fi au hili jipya?

Fundi Mitambo

Hapo hakuna hata moja kati ya hayo. Ukiona barua pepe, hiyo ni akaunti uliyofungua kwa kampuni iliyotengeneza ruta, na nenosiri lake ni la tatu. Kubadilisha la msimamizi hakuligusi.

Yaweke hivi kichwani: la Wi-Fi ni la kila anayetumia intaneti nyumbani, nalo huwa na herufi 8 hadi 63. La msimamizi ni la anayebadilisha mipangilio, ndilo ulilobadilisha jana, ndiyo maana runinga haikukatika. La akaunti linakaa kwenye seva za kampuni. Programu nyingine hukubali mojawapo, nyingine zinataka mawili. Nighthawk ya NETGEAR, kwa mfano, hukuingiza kwa akaunti kwanza kisha ikakuomba nenosiri la msimamizi. Ingia kwa akaunti, halafu ruta ikijitokeza ndipo uweke lile jipya.

Mzee wa Kona

Mimi naona mnamsumbua bure. Wi-Fi yangu ina nenosiri gumu, la msimamizi sijawahi kuligusa. Anayeingia ndani ni wa nyumbani tu.

Kingo

Mzee wangu, kwa heshima, sikubaliani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizoa kamera na ruta nyingi mno duniani, na silaha yake kubwa ilikuwa orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyabadilisha. Hakikuhitaji kuijua Wi-Fi ya mtu. Uingereza imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hiyo vyenye nenosiri moja la jumla tangu tarehe 29 Aprili 2024, na jimbo la California lina sheria inayofanana na hiyo tangu Januari 2020.

Hata humo humo ndani, simu moja yenye programu mbaya inatosha. Ikiingia kwenye ruta inabadilisha DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva yake, na wewe unaandika anwani ya benki yako kwa usahihi lakini unapelekwa kwingine.

Mzee wa Kona

Hilo la DNS sikulijua. Leo nabadilisha yangu.

Mama Wawili

Wakuu, imekubali! Nimeingia kwa akaunti, ruta ikajitokeza, nikaweka nenosiri jipya, na ratiba ya watoto nimeikuta ipo vile vile. Swali la mwisho: ndani kuna sehemu ya kusimamia ruta nikiwa mbali. Niiwashe?

Shani

Zipo mbili, uzitofautishe. Kusimamia kupitia programu na akaunti ni sawa, mradi nenosiri la akaunti si lile lile la msimamizi, na kama wanatoa uthibitisho wa hatua mbili, uuwashe. Ile nyingine iko kwenye ukurasa wa ruta wenyewe, inaufungua ukurasa huo kwa dunia nzima. Hiyo iache imezimwa. Na ukiwa humo humo, angalia kama kuna toleo jipya la programu ya ndani ya ruta, uliweke.

Mama Wawili

Ya dunia nzima nimeikuta imezimwa. Toleo jipya lipo, nalisubiri watoto walale ndipo niliweke, maana linasema ruta itazima na kuwaka.