Redio yetu ya jamii Moshi, wanaojitolea wanatuishia, tufanyeje?

Mwana_Pasua
Habari zenu wadau. Najitolea kwenye redio ndogo ya jamii hapa Moshi mjini, mwaka wa 4 huu, hakuna mwenye mshahara. Studio ni chumba kimoja, ukutani tumebandika trei za mayai kupunguza mwangwi. Tulianza watu 14 tumebaki 5, vijana wakishajua kushika maiki na kuediti sauti wanachukuliwa na redio za biashara Arusha na Dar, na siwalaumu, mtu ana familia.

Kilichoniuma ni jumatano iliyopita. Mwenye zamu ya saa 12 asubuhi hakutokea na funguo anayo yeye, hewani kimya mpaka saa 2 na nusu. Kwenye daftari la matangazo kulikuwa na msiba wa Uru, mazishi yamesogezwa kutoka saa 9 alasiri kuja saa 5 asubuhi, ndugu wa Kahe wanategemea redio. Shangazi wa marehemu kafika kaburi limeshawekwa maua. Kesho yake alikuja ofisini akakaa kwenye benchi na kanga yake ya msiba, akaniuliza tu "mwanangu, mbona hamkusema?" Sikuwa na jibu. Hawa watu tunawashikaje?

Binti_Kibosho
Pole sana kaka. Mimi nilijitolea redio kama hiyo miaka 2 na sikuondoka kwa ajili ya mshahara, ni nauli. Kipindi kinaisha saa 3 usiku, daladala za kupanda juu hakuna, unachukua boda kwa hela yako na kesho hakuna hata anayekuuliza jana ulifikaje. Mtu apewe nauli mkononi siku hiyohiyo, sio "tutaangalia mwisho wa mwezi". Na zamu ya alfajiri mpeni anayekaa jirani, mtu wa Majengo au Njoro, sio wa mlimani.

Fundi_Njiro
Mkuu funguo moja kwa kituo kizima hapana, chongesheni hata 3. Halafu matangazo ya misiba yarekodiwe jioni yapangwe kwenye kompyuta, asubuhi yaende yenyewe hata mtu akichelewa, na muwe na betri na inveta maana umeme ukikatika alfajiri ni yaleyale. Ila tangazo likibadilika usiku mashine haijui, hapo lazima awepo mtu. Kingine, mawimbi ya FM yanakwenda kwa mstari ulionyooka, watu wa Rombo mlima unawazuia wasiyapate, msiwaahidi kitu, tangazo lao litumeni kwa simu kwa mwenyekiti wa kijiji.

Meku_wa_Hai
Wanangu mimi naona mnashika wasioshikika. Kijana wa miaka 22 ataondoka tu, mfundisheni mkijua hivyo. Tafuteni wenye mizizi hapo, walimu wastaafu, manesi wastaafu, mama wa sokoni Mbuyuni ambaye anajua bei ya ndizi kabla hamjaamka. Angalieni redio ya jamii ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, ilijulikana kwa kutangaza Kimaasai na kuongea mambo ya mifugo, mfugaji akaona redio ni yake.

Hela ya nauli nayo ipo. Leseni ya jamii sio ya kutafuta faida lakini haiwakatazi kupata hela ya kuendesha kituo. Nendeni kwenye AMCOS za kahawa, vile vyama vya ushirika vya wakulima, huku ushirika haujaanza leo, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ni ya 1933, waambieni wachangie kipindi cha bei na magonjwa ya kahawa. Ikiingia iandikwe kwenye daftari kila mtu aione, maana redio nyingine nilizoona zilivunjika kwa kutoaminiana, sio kwa umaskini.

Mwana_Pasua
Asanteni sana. Binti umenigusa, kweli hatujawahi kumuuliza mtu amefikaje nyumbani. Funguo nimeshachongesha 2, moja iko dukani hapo chini. Meku, kuna mwalimu mstaafu anatupigia simu kila siku kurekebisha Kiswahili chetu hewani, kesho naenda kwake. Na yule shangazi nimeongea naye, arobaini ikifika tangazo lao tunasoma bure, la saa 12 asubuhi nasoma mwenyewe.